Bluu Ilisubiri Ukuta: Historia ya Rangi ya Vyumba Karagwe na Kyerwa

Tarehe 25 Novemba 1861, Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliingia Bweranyange, makao ya Mukama Rumanyika wa Karagwe. Walikuwa wametoka Zanzibar kupitia Tabora, na miongoni mwa viongozi wa msafara wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani na kuishi India. Walipofika langoni walifyatua bunduki kwa heshima ya mfalme. Wakaitwa ndani, wakapita ua baada ya ua katikati ya misonge mikubwa, hadi wakafikishwa kwenye baraza lenye paa la mteremko. Speke anaandika kwamba baraza hilo lilijengwa na Waarabu ili mfalme apate mahali pa kuendeshea shughuli za dola.

Ndani walimkuta Rumanyika ameketi na nduguye Nnanaji. Mfalme alivaa joho jeusi la Kiarabu, miguuni soksi zilizoshonwa kwa shanga za rangi zilizokolea, na mikononi bangili za shaba. Speke, aliyekuwa na jicho la kuchungulia kila kitu, aliyaeleza mavazi hayo moja baada ya jingine. Kuhusu rangi ya jengo lenyewe hakusema neno.

Ukimya huo unaeleweka. Katika Karagwe ya wakati ule rangi ilikaa mwilini mwa watu, katika shanga, nguo na mapambo ya shaba. Nyumba haikuwa na pa kuiweka. Anayetaka kujua jinsi chumba cha kulala cha Kayanga, Karagwe, au sebule ya Nkwenda, Kyerwa, ilivyofikia kupakwa bluu iliyokolea kutoka sakafuni hadi darini, inambidi aanze na jambo lililotangulia rangi, nalo ni ukuta wenyewe.

Nyumba isiyo na ukuta

Msonge wa Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, kama ule wa ndugu zao Wahaya, ni paa linaloanzia chini. Nguzo na fito hufungwa kwa kamba za mimea, zikapindwa kuelekea kilele, kisha nyasi zikafunika yote hadi kugusa ardhi. Ndani, vyumba hutenganishwa kwa matete yaliyosukwa. Chini hutandikwa nyasi, na moto huwaka karibu muda wote. Moshi wake hukausha nyasi na kufukuza mchwa, na baada ya miaka michache fito zote hung'aa kwa weusi wa masizi. Nyumba hiyo ilikuwa na uzuri wake, katika ufundi wa kusuka na katika mpangilio wa pete za fito zinazopanda hadi kileleni. Lakini brashi isingepata pa kushika.

Bluu haikuwa ngeni kabisa, maana misafara iliyopanda kutoka pwani ilibeba shanga za rangi nyingi, merikani nyeupe, na kaniki iliyotiwa nili huko India. Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kihindi walikuwa na kituo chao Kafuro, mwendo mfupi kutoka ikulu. Uhusiano wao na Karagwe ulikwenda mbali kuliko kubadilishana pembe na nguo. Speke anasimulia jinsi Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi wa Tabora, alivyotumia pembe za ndovu kupata msaada wa Buganda, ili Rumanyika amshinde nduguye Rogero aliyekuwa akigombea kiti. Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1876 aliwakuta wageni hao bado wako Kafuro. Baraza la Bweranyange lilikuwa zao la ujirani huo. Paa la mteremko hukaa juu ya pande zilizonyooka, nazo pande zilizonyooka ndizo mwanzo wa ukuta.

Ng'ambo ya pili ya mto Kagera, ukitazama kutoka vilima vya Karagwe na Kyerwa, kulikuwa na watu waliokwisha kuupamba ukuta. Katika Gisaka, mashariki ya Rwanda ya leo, simulizi humtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, kuwa ndiye aliyeanzisha mapambo yanayoitwa imigongo. Wanawake walichanganya samadi ya ng'ombe na majivu, wakafinyanga kwa vidole mistari iliyoinuka ukutani, ya pembetatu, msambamba na mzunguko, kisha wakaipaka rangi. Nyeupe ilitoka kwenye udongo wa kaolini, nyekundu kwenye udongo wenye kutu ya chuma, na nyeusi kwenye majivu ya mimea yaliyochanganywa na utomvu. Kazi hiyo haikuzuia mvua wala haikushikilia paa. Ilifanywa ili chumba kipendeze.

Bluu haikuwamo, na haingeweza kuwamo. Udongo wa nchi hizi hutoa nyekundu, njano, nyeupe na nyeusi bila kuombwa, ila hautoi bluu. Hata Ulaya, kwa karne nyingi, bluu bora ya wachoraji ilisagwa kutoka kwenye jiwe la lazuli lililochimbwa milima ya Badakhshan, Afghanistan, na bei yake ilishindana na ya dhahabu.

Udongo mweupe unaogeuka bluu

Mambo yalibadilika Ufaransa. Mwaka 1824 chama kimoja cha kuendeleza viwanda kilitangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeweza kutengeneza bluu hiyo kiwandani kwa bei nafuu. Mwaka 1828 zawadi ilikwenda kwa Jean-Baptiste Guimet, na karibu wakati huohuo Mjerumani Christian Gmelin naye alikuwa amefikia jibu lake. Malighafi zilikuwa za kawaida mno: kaolini, magadi, salfa na mkaa, vikichomwa pamoja katika tanuri kwa joto kali. Katika moto huo salfa hunaswa ndani ya matundu madogo ya madini ya udongo, na mchanganyiko hutoka ukiwa na bluu ya kina. Kwa maneno mengine, udongo uleule mweupe wa jamii waliyoupaka wanawake wa Gisaka ukutani ungeweza kugeuzwa bluu, ila ilihitaji tanuri na kemia.

Bei iliposhuka, bluu ilihama kutoka kwa wachoraji ikaingia kwenye beseni la kufulia. Kampuni ya Reckitt, katika mji wa Hull nchini Uingereza, iliifanya kuwa vipande vidogo vya kusuuzia nguo nyeupe. Pamba ikizeeka huwa na umanjano, na bluu kidogo huufuta mbele ya jicho, nguo ikaonekana nyeupe kuliko ilivyo. Vipande hivyo vilisambaa dunia nzima pamoja na sabuni.

Njia ya kuvifikisha Karagwe ilikuwa ikitengenezwa. Emin Pasha alianzisha kituo cha Kijerumani Bukoba mwaka 1890. Wamisionari wa White Fathers walifungua misheni Kashozi mwaka 1892. Mwaka 1901 reli iliyojengwa na Waingereza kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na meli za ziwani zikaanza kuiunganisha Bukoba na bandari ya bahari. Tangu hapo kipande cha bluu kingeweza kutoka Hull hadi ufukwe wa Bukoba bila kubebwa kichwani hata hatua moja. Safari iliyobaki, kupanda kuelekea Bugene na Isingiro, ndiyo ilikuwa ya mabega.

Misheni zilileta shati jeupe la shule na kanzu nyeupe ya kanisani, na kwa hiyo zikaleta haja ya bluu ya kufulia. Zilileta pia nyumba ya pembe nne, yenye madirisha na kuta wima. Makanisa ya Kikatoliki yalikuwa na sanamu za Bikira Maria aliyevaa joho la bluu, na kwa waumini wengi huenda hiyo ndiyo bluu ya kwanza waliyoiona ikiwa imewekwa ndani ya jengo kwa makusudi. Upande wa Walutheri, kazi iliyoanzishwa Bukoba mwaka 1910 na wamisionari wa Bethel ilizaa baadaye hospitali ya Nyakahanga na Dayosisi ya Karagwe. Wodi, madarasa na nyumba za wachungaji zilikuwa shule ya pili ya ujenzi: aliyefanya kibarua huko alirudi kijijini akijua kusimamisha kuta nne.

Chokaa, pipa na kipande cha bluu

Ukuta wa kwanza wa watu wa kawaida ulikuwa wa miti na udongo. Nguzo zilichimbiwa, fito zikafungwa mlalo pande zote mbili, katikati pakajazwa udongo uliokanyagwa, kisha wanawake wakakandika uso wake kwa mikono. Wengi walimalizia kwa udongo mweupe au mwekundu wa bondeni. Rangi ilikuwa kazi ya mama mwenye nyumba, na alirudia kila ukuta ulipopasuka au mvua ilipoulamba.

Chokaa ya dukani ilipopatikana, kazi ilibadilika kidogo. Chokaa ililowekwa katika pipa usiku kucha, ikakorogwa, ikatiwa chumvi ili ishike, na ikapakwa kwa brashi ya katani. Mtu fulani, na katika Afrika Mashariki nzima watu wa namna hiyo walikuwa wengi, akakumbuka kinachotokea kwenye beseni la nguo. Kipande cha bluu kilitumbukizwa katika pipa la chokaa. Kikiwa kidogo, ukuta ulikuwa mweupe wa kuumiza macho. Vikiongezwa viwili vitatu, ulitoka na rangi ya anga la asubuhi.

Mbinu hiyo ilifaulu kwa sababu ambayo hakuna aliyehitaji kuijua ili aitumie. Chokaa ina ukali unaoua rangi nyingi. Bluu ya Berlin, iliyogunduliwa mwanzoni mwa karne ya 18, ingechakaa na kugeuka kahawia ikichanganywa nayo. Bluu ya Guimet huvumilia chokaa miaka na miaka, ingawa asidi kama ndimu huimaliza mara moja. Kwa bahati, kitu cha kufulia ndicho kilichofaa pia ukutani.

Kilikuwa na mpaka wake. Chokaa yenyewe ni nyeupe, hivyo bluu yoyote inayoingia humo hupauka. Ukizidisha, chokaa hushindwa kuishika, na kila anayeegemea ukuta huondoka na mgongo wa bluu. Kwa chokaa mtu angepata bluu ya anga. Bluu ya usiku asingeipata. Iliyokolea ilihitaji kitu cha kuigandisha, nacho kilikuwa mafuta.

Mstari wa kiunoni

Fedha ya kununua kitu hicho ilitoka kwenye kahawa. Bukoba ilitangulia, Karagwe ikafuata. Chama kikuu cha ushirika cha Wahaya kiliundwa mwaka 1950, na bei nzuri za miaka iliyofuata ziliezeka nyumba nyingi kwa bati. Karagwe baadaye ikawa na chama chake, KDCU. Mwenendo ulikuwa mmoja kila mahali. Kahawa huvunwa katikati ya mwaka, malipo hufuata, na kabla ya Krismasi nyumba huguswa: bati jipya, mlango mpya, au rangi. Wengine waliona vyumba vya ugenini kabla ya kuwa na vya kwao, maana njia za vibarua kwenda mashamba ya Buganda zilipita katika nchi hii.

Bati lenyewe liliamua umbo. Karatasi za bati hazizunguki, hivyo aliyetaka paa la kisasa alijenga pembe nne. Udongo uliokandikwa ulianza kupisha tofali, kwanza za kukausha juani, kisha za kuchoma, na mwisho zikapigwa lipu ya saruji. Hapo tu ndipo rangi ya mafuta ilipata makao. Kwenye ukuta wa udongo ilibanduka, kwa kuwa udongo hunyonya na kutoa unyevu kila msimu wa mvua, na ngozi ya mafuta huuzuia kutoka. Hata kwenye saruji mbichi iliharibika, kwa sababu ukali wa saruji hugeuza mafuta yake kuwa kama sabuni. Mafundi walijifunza kuacha lipu ikauke wiki kadhaa kwanza.

Rangi ya mafuta ilikuwa ghali, na gharama hiyo ikazaa mtindo ambao Mtanzania yeyote aliyesoma shule ya msingi anaujua. Ukuta uligawanywa kwa mstari usawa wa kiuno au kifua. Chini ya mstari palipakwa rangi ya mafuta iliyokolea, mara nyingi kijivu, kijani au bluu nzito. Juu paliachwa chokaa, au baadaye rangi ya maji nyeupe au ya maziwa. Sehemu ya chini ndiyo iliyoguswa na mabega, viti, mikono ya watoto na matope ya Aprili. Mafuta yaliruhusu kufutwa kwa kitambaa kibichi. Sehemu ya juu ilirudisha mwanga. Madarasa, zahanati, maduka na sebule za walimu zilifuata mpango huo.

Kwa njia hii bluu iliyokolea iliingia vyumbani ikiwa mfanyakazi. Kazi yake ilikuwa kuficha uchafu, na iliishia kiunoni.

Miaka ya vibali

Ilipoanza kuzoeleka, ilipotea. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia upande wa kaskazini wa mkoa, yakavunja daraja la Kyaka, na vita vilivyofuata viliacha nchi na deni zito. Mkoa wa Ziwa Magharibi ulipewa jina la Kagera mwaka 1979. Miaka ya mwanzo ya 1980 sabuni, saruji, bati na rangi vilikuwa vitu vya kibali na foleni. Duka la RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, liliweza kuwa na rafu tupu kwa majuma. Mwaka 1983 ulikuwa wa msako wa wahujumu uchumi, na mwaka 1984 serikali ikaanza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa. Katika kipindi hicho kuta nyingi zilirudi kwa udongo mweupe. Ujuzi wa akina mama, ambao duka lilikuwa limeanza kuufunika, uliokoa nyumba.

Muongo uliofuata bluu ilikuja kwa wingi na kwa huzuni. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa hesabu ya UNHCR, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara katika saa 24. Wimbi la wakimbizi lilifika Karagwe pia, na kambi zilifunguliwa, Chabalisa ikiwa mojawapo. Vibanda viliezekwa maturubai ya plastiki ya bluu. Jua la mchana lilipopenya plastiki hiyo, kila kitu ndani yake, vyombo, mikeka na nyuso za watu, kilionekana cha bluu. Kambi zilifungwa mwishoni mwa 1996, na vipande vya maturubai viliendelea kuziba mapengo ya majiko na mabanda vijijini. Katika nyumba za Gisaka, wengi wa wanawake waliojua kufinyanga imigongo walikuwa wameuawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka huohuo 1994. Walionusurika walikusanyika katika ushirika huko Nyakarambi, wakaifufua kazi hiyo, safari hii zaidi juu ya mbao za kuuza kuliko kwenye kuta za vyumba vyao.

Chumba kizima

Mambo matatu yalikuja karibu pamoja na kuiondoa bluu kwenye mstari wa kiunoni.

La kwanza ni rangi ya maji. Tofauti na ya mafuta, huruhusu ukuta kupumua, hukauka kwa saa chache, haihitaji thina, na fundi huifagia kwa rola chumba kizima kwa siku moja. La pili ni rangi yenyewe ndani ya ndoo. Bluu ya ftalo, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1935, ina nguvu kubwa ya kupaka, kiasi kwamba kijiko chake hukoleza ndoo. Viwanda vya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala viliweza kutoa bluu ya usiku kwa bei isiyopishana sana na ya maziwa. Murongo iko mpakani, na ng'ambo ya mto ni Kikagati ya Uganda. Ndoo zilifika kutoka pande zote mbili.

La tatu ni taa. Chumba cha bluu iliyokolea hunyonya mwanga. Chini ya koroboi kingekuwa shimo, na masizi yake yangemaliza rangi kwa mwaka mmoja. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na Kagera kwa miaka mingi ilipata umeme wake kutoka Uganda. Nyaya zilipofika, na paneli za sola pale zisipofika, mwenye nyumba aliweza kwa mara ya kwanza kuchagua rangi bila kuhesabu mwanga wa utambi.

Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe na kuwa wilaya mwaka 2012, na mji wa wilaya mpya huhitaji ofisi, nyumba za wageni, maduka na nyumba za watumishi. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 liliitikisa Kagera, likaua watu wasiopungua 17 na kupasua maelfu ya nyumba. Katika miaka ya ujenzi mpya mafundi walipiga lipu upya, na lipu mpya hutaka rangi mpya. Barabarani, kampuni za simu na soda zilipaka maduka kwa rangi zao, bluu ya Tigo ikiwa moja ya zilizoonekana mbali. Ndani, wenye nyumba walichagua za kwao.

Mafundi rangi wana kanuni zao kuhusu bluu iliyokolea. Husisitiza skimu laini, kwa sababu rangi nzito hutangaza kila mkwaruzo. Hupaka mara mbili hadi tatu, maana mkono wa kwanza huwa na mabaka. Hushauri dari ibaki nyeupe, na mara nyingi hushawishi ukuta mmoja tu, ule wa nyuma ya televisheni au wa kichwani mwa kitanda. Wengi wa wateja husikia, na wapo wanaotaka kuta zote nne.

Hapo ndipo ilipo tofauti na yote yaliyotangulia. Udongo mweupe uliziba nyufa. Chokaa iliua wadudu na kuleta mwanga. Bluu ya kufulia ilifanya cheupe kiwe cheupe zaidi. Mafuta ya kiunoni yalificha matope, na turubai lilizuia mvua. Bluu iliyokolea ya chumba kizima haifanyi kazi yoyote ya namna hiyo. Inapunguza mwanga, inaonyesha vumbi, inagharimu ndoo ya ziada, na mkulima wa kahawa wa Kaisho au mwalimu wa Nyaishozi anainunua akijua yote hayo, kwa sababu anapenda jinsi chumba chake kinavyoonekana. Wanawake wa Gisaka waliupamba ukuta kwa sababu hiyohiyo. Ilihitaji karibu miaka 150 ya bati, saruji, kahawa na umeme kwa jirani zao wa mashariki ya mto kuwa na ukuta wa kuufanyia vivyo hivyo, na sasa wanao.